Jinsi ya Kulinganisha Uagizaji wa Mbao Ngumu wa Nchi Mbili kwa Miaka Mingi: Mwongozo Kamili

Ukikutana na mchoro unaoonyesha uagizaji wa mbao ngumu wa China ukipaa ghafla mwaka 2017, kisha wa Vietnam nao ukapaa mwaka mmoja baadaye, uache hapohapo. Aliyeuchora hakukusudia kudanganya. Misimbo ya forodha ilibadilika, mbao za misonobari zikaingia kwenye hesabu ya mbao ngumu, na lahajedwali likajumlisha bila kuuliza chochote.

Kosa hilo nimeliona kwa wanafunzi, kwa waandishi wa habari za uchumi na hata kwa wafanyabiashara wanaoagiza mbao kila mwezi. Karibu wote hukwama kabla ya kufika kwenye mchoro: wanalinganisha nchi mbili kabla ya kuhakikisha kwamba wanalinganisha mbao zilezile. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini ni ndefu kuliko za mwisho. Mfano wetu ni China na Vietnam, lakini njia ni ileile kwa nchi nyingine yoyote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Lahajedwali. Programu yoyote unayoizoea inatosha. Huhitaji kujua kuandika programu za kompyuta.
- Akaunti ya UN Comtrade. Hii ni hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa. Kujisajili ni bure, na usipojisajili utaonyeshwa rekodi 500 tu kwa kila ombi. Ombi la nchi mbili kwa miaka kumi na tano hukipita kikomo hicho upesi, na wengi hawagundui kwamba jedwali lao limekatwa mkia.
- FAOSTAT, sehemu ya misitu. Ni ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na takwimu zake zinaanzia 1961. Tutaitumia kupimia, si kujengea.
- Takwimu za nchi moja inayouza. Kwa mfano wetu nachagua Marekani. Idara yake ya kilimo ina hifadhidata ya wazi iitwayo GATS, inayoonyesha mauzo ya nje ya mbao ngumu kwa kila nchi.
- Ukurasa wa maamuzi. Fungua ukurasa mpya ndani ya lahajedwali hilohilo. Kila unapochagua, kuacha au kurekebisha kitu, andika hapo tarehe na sababu. Usipouandika sasa, baada ya wiki mbili hutakumbuka kwa nini ulifuta ile safu mlalo.

Na vipimo vichache vya kukaa navyo karibu:

- Mita 1 ya ujazo = futi za ujazo 35.31
- Mita 1 ya ujazo = futi za ubao 423.8
- Futi za ubao 1,000 = mita za ujazo 2.36

Futi ya ubao ni kipimo cha Marekani: ubao wenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na unene wa inchi moja.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Kuna maswali mawili yanayofanana kwa sura: "Nani anaagiza mbao ngumu zaidi?" na "Nani ameongeza uagizaji kwa kasi zaidi?" Jibu la kwanza linaweza kuwa China na la pili likawa Vietnam, na yote mawili yakawa sahihi.

Andika sentensi yenye vitu vinne: bidhaa, nchi, miaka na kipimo. Mfano: *Kati ya 2012 na 2023, kiasi cha mbao ngumu zilizopasuliwa kilichoagizwa na China na Vietnam, kwa mita za ujazo, kilibadilikaje?*

Chagua mita za ujazo kuwa kipimo kikuu, si dola. Thamani ya dola hubadilika kwa bei, kwa mfumuko wa bei na kwa aina ya mti unaonunuliwa. Nchi ikiacha kununua miti ya anasa ikahamia kwenye miti ya bei nafuu, dola zitashuka hata kama meli zinashusha mbao nyingi kuliko zamani. Dola tutazihitaji baadaye, kwa kazi ya ukaguzi.

Umefaulu ikiwa: mtu mwingine akiisoma sentensi yako hana la kukuuliza kuhusu unachopima.

## Hatua ya 2: Amua "mbao ngumu" ni zipi

Neno lenyewe linapotosha. Katika biashara ya kimataifa, ngumu na laini ni habari ya ukoo wa mti, si ugumu unaousikia ukipigilia msumari. Mbao ngumu hutoka kwenye miti ya majani mapana. Mbao laini hutoka kwenye misonobari, mierezi na jamaa zao wanaozaa koni. Balsa ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama, lakini kwenye vitabu vya forodha ni mbao ngumu.

Kisha kuna umbo la bidhaa. Misimbo ya HS, yaani namba za kimataifa za kuainisha bidhaa forodhani, inayosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, inaweka bidhaa za miti katika sura ya 44:

- 4403: magogo
- 4406: mataruma ya reli
- 4407: mbao zilizopasuliwa kwa urefu, zenye unene unaozidi milimita 6
- 4408: vena, yaani karatasi za mbao zenye unene usiozidi milimita 6
- 4409: mbao zilizochongwa kingo, kama zile za sakafu zenye ulimi na mfereji
- 4412: plaiwudi

Sisi tunataka 4407. Mbao iliyopigwa randa au kuunganishwa ncha kwa ncha bado imo humo. Ikishachongwa ulimi na mfereji imehamia 4409. Usizichanganye kwa sababu tu jina la kawaida ni "mbao".

Ndani ya 4407 kuna makundi matatu, na tarakimu ya tano ndiyo inayokuambia uko wapi:

- 4407.1 ni mbao laini.
- 4407.2 ni mbao za miti ya tropiki.
- 4407.9 ni mbao nyingine, nyingi zikiwa za majani mapana za nchi za baridi: mwaloni ni 4407.91, biichi 4407.92, mepo 4407.93.

Kwa hiyo mbao ngumu = 4407.2 + 4407.9.

Onyo kuhusu majina ya miti. Usijenge ulinganisho wako juu ya aina mojamoja ya mti mpaka umesoma maelezo ya msimbo wake. Mitego miwili hunasa watu kila mara.

Wa kwanza ni mahogani. Msimbo 4407.21 ni wa mahogani ya Amerika tu, yaani Swietenia. Mkangazi wa Afrika, ambao sokoni nao huitwa mahogani, haumo humo.

Wa pili ni popla. Msimbo 4407.97 ni wa popla wa jenasi ya Populus. Mti ambao wafanyabiashara wa Marekani huuita popla wa njano ni Liriodendron tulipifera, mti wa ukoo mwingine kabisa, na huingia kwenye kapu la "nyinginezo", 4407.99. Vietnam hununua sana mti huo kwa ajili ya samani. Ukipima mauzo yake kwa 4407.97, utahitimisha kwamba Vietnam hainunui popla wa njano, na utakuwa umekosea vibaya.

Mti wa mpira, ambao China huuagiza kwa wingi kutoka Thailand, hauna msimbo wake wa tarakimu sita hata kidogo.

## Hatua ya 3: Jumlisha, usitoe

Hapa ndipo ule mchoro wa mwanzo ulipozaliwa, kwa hiyo soma polepole.

Misimbo ya HS hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka michache. Matoleo yanayotuhusu ni ya 2007, 2012, 2017 na 2022. Kabla ya toleo la 2017, mbao laini zote zilikuwa chini ya msimbo mmoja, 4407.10. Toleo la 2017 liliufuta na kuugawa: 4407.11 kwa misonobari, 4407.12 kwa jamaa zake wawili, na 4407.19 kwa zilizobaki. Toleo la 2022 likaongeza 4407.13 na 4407.14.

Watu wengi hupata mbao ngumu kwa njia ya mkato: wanachukua jumla ya 4407 na kutoa 4407.10. Njia hiyo inafanya kazi vizuri mpaka siku msimbo 4407.10 unapotoweka. Baada ya hapo unatoa sifuri, na misonobari yote inahesabiwa kuwa mbao ngumu. Kwa China, ambayo zaidi ya nusu ya mbao inazoagiza ni laini, mstari unapaa zaidi ya maradufu kwa usiku mmoja.

Kwa nini Vietnam ipae mwaka mmoja baadaye? Kwa sababu nchi hazibadilishi misimbo siku moja. China ilianza kutumia toleo la 2017 tarehe 1 Januari 2017. Vietnam ilianza tarehe 1 Januari 2018. Toleo la 2022 China ililitumia tangu Januari mwaka huo, na Vietnam ikalianza tarehe 1 Desemba 2022. Usipojua hili utaandika aya nzuri kabisa ya jinsi Vietnam "ilivyoifuata China kwa mwaka mmoja", wakati kilichofuata ni waraka wa forodha.

Fanya hivi:

1. Pakua misimbo yote ya tarakimu sita iliyo chini ya 4407, si jumla peke yake.
2. Ongeza safu wima yenye tarakimu tano za kwanza za kila msimbo. Katika lahajedwali ni `=LEFT(A2,5)`, na utapata 44071, 44072 au 44079.
3. Jumlisha 44072 na 44079 kwa kila mwaka na kila nchi.
4. Jumlisha makundi yote matatu na ulinganishe na 4407 nzima iliyoripotiwa. Tofauti iwe sifuri au karibu na sifuri.

Usitenganishe tropiki na zisizo za tropiki bila sababu. Katika matoleo ya zamani, mti ulihesabiwa kuwa wa tropiki ikiwa tu umetajwa kwenye orodha maalumu ndani ya sura ya 44. Mti wa tropiki ambao haukutajwa ulitupwa 4407.99. Orodha hiyo haikudumu, kwa hiyo mpaka kati ya 4407.29 na 4407.99 ulisogea. Ukijumlisha makundi yote mawili, msogeo huo haukudhuru.

Tena, msimbo unaweza kufa ukafufuka na maana nyingine. 4407.23 leo ni mtiki, tangu toleo la 2022. Katika toleo la mwanzo la HS, namba hiyohiyo ilikuwa ya miti mingine, kisha ikafutwa. Mtu anayevuta msimbo huo kwa miaka thelathini anadhani anaangalia mtiki.

Umefaulu ikiwa: ukichora mstari wa haraka wa mbao ngumu, hauna ngazi ya ghafla inayoangukia mwaka wa kubadili toleo.

## Hatua ya 4: Pakua bila kuacha kitu nyuma

Kwenye UN Comtrade, chagua nchi inayoripoti kwa namba ili usipotee kwenye tahajia: China ni 156, Vietnam ni 704. Mwenzi wa biashara weka dunia nzima, namba 0. Mwelekeo ni uagizaji. Mfumo wa misimbo uwe HS kama ilivyoripotiwa.

Pakua mara ya pili, safari hii ukiwa na wenzi wote mmojammoja. Faili hii ya pili ndiyo itakayokusaidia kueleza *kwa nini*. Zihifadhi faili ghafi zote mbili bila kuzigusa, na ufanye kazi kwenye nakala.

Mambo mawili ya kuamua na kuyaandika kwenye ukurasa wa maamuzi:

China katika hifadhidata hiyo haijumuishi Hong Kong (344) wala Macao (446). Ukiamua kuziongeza, ondoa kwanza biashara iliyo kati yao na China bara, la sivyo ubao mmoja utahesabiwa mara mbili.

China pia itajitokeza kama mwenzi wa China. Si kosa la kompyuta. Ni bidhaa zilizotoka nchini zikarudi, mara nyingi kupitia maeneo huru ya kiforodha. Kwa mbao si jambo kubwa, lakini ujue lipo.

Umefaulu ikiwa: jumla ya wenzi wote inalingana na mstari wa dunia, kwa kila mwaka.

## Hatua ya 5: Kagua kila ujazo kwa mzani

Takwimu za ujazo ndizo zenye makosa mengi kuliko zote. Karani mmoja anaingiza kilo mahali pa mita za ujazo, na mwaka mzima unaharibika.

Dawa ni rahisi, na sijui kwa nini haifundishwi zaidi. Gawanya uzito kwa ujazo. Mbao nyingi ngumu zina kilo kati ya 400 na 1,100 kwa kila mita ya ujazo, kutegemea mti na unyevu. Mwaloni uliokaushwa huwa karibu 700.

Mfano wa kubuni: rekodi inaonyesha kilo 84,000,000 na mita za ujazo 120,000. Ukigawanya unapata 700, basi iache. Rekodi nyingine inaonyesha kilo 84,000,000 na "mita za ujazo" 84,000,000. Unapata 1. Hakuna mti wa namna hiyo. Mtu ameandika kilo mara mbili.

Kisha gawanya thamani kwa ujazo. Bei ya wastani ya mbao ngumu kwa kawaida huwa mamia ya dola kwa mita ya ujazo. Miti ya anasa kama rosewood hufika maelfu. Ukiona dola 4 au dola 90,000, simama.

Ukipata rekodi mbovu, fuata mpangilio huu:

1. Tazama kama hifadhidata yenyewe imeweka alama kwamba kiasi au uzito umekadiriwa. Comtrade ina safu wima za kuonyesha hilo.
2. Kama uzito unaonekana sawa, kadiria ujazo kwa kugawanya uzito kwa wastani wa kilo kwa mita ya ujazo wa nchi hiyo, mti huohuo, miaka iliyo jirani.
3. Kama uzito nao ni mbovu, tumia takwimu za nchi inayouza.
4. Paka rangi kila kisanduku ulichorekebisha. Msomaji ana haki ya kujua.

Onyo: usifute rekodi mbovu na kuacha pengo. Lahajedwali litachukua pengo kuwa sifuri, na mstari wako utazama ghafla.

Umefaulu ikiwa: kwa kila nchi na kila mwaka, kilo kwa mita ya ujazo haiyumbi sana. Ikitoka 680 hadi 720, vizuri. Ikitoka 680 hadi 1,400 mwaka mmoja, rudi nyuma.

## Hatua ya 6: Muulize muuzaji

Kila ubao ulioagizwa na nchi moja uliuzwa na nchi nyingine. Kwa hiyo chukua uagizaji wa Vietnam kutoka Marekani, uuweke kando ya mauzo ya Marekani kwenda Vietnam. Fanya vivyo hivyo kwa China.

Namba hazitalingana kabisa, na hazitakiwi kulingana. Sababu ni hizi:

- Thamani. Muagizaji huhesabu bei pamoja na bima na nauli ya meli. Muuzaji huhesabu bei ya bandarini kwake. Upande wa muagizaji hivyo huwa juu kidogo. Shirika la Fedha la Kimataifa hutumia tofauti ya asilimia 6 kwa makadirio ya jumla, lakini mbao ni nzito na nauli yake inaweza kuzidi hapo.
- Muda. Mbao iliyopakiwa Desemba hufika mwaka unaofuata.
- Njia. Shehena inaweza kushukia bandari ya tatu, na muuzaji akaandika jina la bandari hiyo.
- Kipimo. Hapa ndipo ile 2.36 inapotumika, kama takwimu za Marekani umezikuta kwa maelfu ya futi za ubao.

Unachotafuta ni mwelekeo: pande zote mbili zipande na kushuka pamoja. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka miaka miwili mfululizo, tatizo ni la takwimu, si la soko.

Kisha fungua FAOSTAT, tafuta mbao zilizopasuliwa zisizo za miti ya koni, upande wa uagizaji. FAO huhesabu mataruma ya reli pamoja na mbao, kwa hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu tatu, si moja

Sasa una jedwali safi: mwaka, China, Vietnam. Namba zifuatazo ni za kubuni, ili uone njia.

Nchi A ilitoka mita za ujazo 8,000,000 hadi 10,000,000 kwa miaka kumi. Nchi B ilitoka 800,000 hadi 1,600,000.

Ongezeko halisi. A iliongeza 2,000,000, B ikaongeza 800,000. Kwa msafirishaji au mwenye msitu, A ndiyo soko.

Ongezeko la asilimia. A ni asilimia 25, B ni asilimia 100.

Wastani wa ukuaji kwa mwaka. Fomula ni `=(mwisho/mwanzo)^(1/miaka)-1`. A inapata asilimia 2.3, B asilimia 7.2. Usigawanye 100 kwa 10 ukasema B ilikua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ukuaji hujengana juu ya ukuaji, na kosa hili huonekana mara moja kwa anayejua.

Zingatia kwamba kati ya 2012 na 2023 kuna vipindi 11, si 12. Unahesabu nafasi kati ya miaka, si miaka yenyewe.

Mwaka wa kizio, yaani mwaka unaoanzia kulinganisha, nao una hila zake. Ukianza na mwaka mbaya, kila kitu kinaonekana kukua. Ukimalizia na 2020, mwaka wa UVIKO, kila kitu kinaonekana kuanguka. Mimi hutumia wastani wa miaka mitatu mwanzoni na wastani wa miaka mitatu mwishoni. Anayetumia mwaka mmoja tu, mwulize kwa nini aliuchagua huo.

Ukitaka takwimu za kila mwezi, unganisha Januari na Februari daima. Mwaka mpya wa mwandamo, ambao nchi zote mbili husherehekea, uliangukia 22 Januari mwaka 2023 na 10 Februari mwaka 2024. Ukilinganisha Januari kwa Januari, unalinganisha mwezi wa likizo na mwezi wa kazi.

## Hatua ya 8: Chora michoro miwili iliyo rahisi

Mchoro wa kwanza ni wa mita za ujazo, nchi zote mbili kwenye mhimili mmoja unaoanzia sifuri. Vietnam itaonekana ndogo. Iache hivyo, ndivyo ilivyo.

Mchoro wa pili ni wa fahirisi: mwaka wa kizio uwe 100 kwa kila nchi. Fomula ni `=B2/B$2*100`, ukiishusha mpaka mwisho. Hapa kasi ndiyo inayoonekana.

Usichore mistari miwili yenye mihimili miwili ya wima, mmoja kushoto na mmoja kulia. Kwa kunyoosha mhimili mmoja kidogo unaweza kufanya mistari ikutane popote utakapo, na msomaji atadhani kukutana huko kuna maana.

## Hatua ya 9: Weka matukio juu ya mistari

Mstari ukivunjika na hesabu zako ni safi, tafuta tukio. Kwa nchi hizi mbili, haya ndiyo ninayoyaweka kwanza:

- Mei 2016: Laos, jirani na muuzaji wa zamani wa Vietnam, ilipiga marufuku kusafirisha nje magogo na mbao zisizokamilishwa. Tazama safu ya Laos kwenye faili yako ya wenzi.
- 2 Januari 2017: jenasi ya Dalbergia, yenye miti ya rosewood, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hapa ndipo bei ya wastani inapoweza kushuka bila bei ya mbao yoyote kushuka: mbao za bei kubwa zikipungua kwenye shehena, zilizobaki zinavuta wastani chini.
- Septemba 2018: China iliziwekea mbao ngumu za Marekani ushuru wa ziada, ikauongeza Juni 2019, kisha kuanzia Machi 2020 ikawaruhusu waagizaji kuomba msamaha wa ushuru huo. Angalia mwaloni kutoka Marekani, 4407.91, mwaka 2019.
- Juni 2019: makubaliano ya uhalali wa mbao kati ya Vietnam na Umoja wa Ulaya yalianza kutumika.

Tukio kutangulia mstari halithibitishi kwamba ndilo lililousukuma. Jaribio langu ni hili: kama ushuru wa China dhidi ya Marekani ndio sababu, basi uagizaji kutoka Marekani ushuke kuliko uagizaji kutoka Thailand au Urusi. Kama zote zimeshuka sawasawa, tafuta sababu ndani ya China, labda ujenzi au samani.

## Hatua ya 10: Angalia magogo kabla ya kufunga faili

Wengi huishia hatua ya 9, na hapo ndipo hupoteza nusu ya habari. Nchi inaweza kupunguza uagizaji wa mbao kwa sababu inanunua magogo na kuyapasua yenyewe. Au kinyume chake: muuzaji anapiga marufuku magogo, na viwanda vinahamia kununua mbao. Gabon ilifunga usafirishaji wa magogo 2010, Myanmar tarehe 1 Aprili 2014. Ukitazama 4407 peke yake kutoka nchi kama hizo, utaona "ongezeko la mahitaji" ambalo huenda ni mti uleule uliobadilishiwa msimbo.

Pakua 4403.4 na 4403.9 kwa njia ileile. Kisha geuza mbao kuwa magogo: mita moja ya ujazo ya mbao ngumu hudai takriban mita za ujazo 1.8 hadi 2 za magogo, kwa sababu sehemu kubwa huishia kuwa maranda, vumbi na mabanzi. Zidisha mbao kwa 1.9, ongeza magogo, na uchore mstari wa tatu kwa kila nchi. Andika wazi kwamba 1.9 ni makadirio, na urudie hesabu kwa 1.8 na kwa 2. Kama nani anaongoza hubadilika kutegemea namba uliyochagua, basi huna mshindi wa kumtangaza.

Na usiandike "matumizi" mahali pa "uagizaji". Matumizi ni uzalishaji wa ndani, jumlisha uagizaji, toa mauzo ya nje. Vietnam huingiza mbao nyingi kisha huzitoa tena zikiwa vitanda na meza, nyingi zikielekea Marekani. Ubao huo uliingia Vietnam, lakini anayeulalia yuko kwingine.

Chini ya kila mchoro weka mistari mitatu: misimbo uliyojumlisha (4407.2 + 4407.9), tarehe uliyopakua, na idadi ya visanduku ulivyorekebisha. Tarehe ni muhimu kwa sababu nchi hurekebisha takwimu zao za nyuma. Kisha mpe mtu mwingine faili ghafi na ukurasa wako wa maamuzi, umwombe atoe namba ya mwaka mmoja tu, uuchague wewe, bila kumwonyesha jibu lako. Akipata tofauti, kosa mara nyingi liko hatua ya 3 au ya 5, kwa hiyo anzeni kutafuta huko.